Wimbo wa Misosi

Ramadhani ilikuwa bado changa, adhuhuri imekwisha kuswaliwa, na Mzee Mwinyimadi alikuwa nyuma ya nyumba yake kule Marui akibangua korosho, pale mdomo wake ulipojaa pilau. Hakushtuka. Aliweka kigongo chini, akainamia upande wa migomba, akatema. Ilikuwa pilau ya nyama ya ng'ombe, ya moto bado, imekwisha kutafunwa, na aliyeitafuna alikuwa na jino bovu upande mmoja, maana wali wa upande huo ulikuwa mzima mzima. Kuku walisogea, wakaitazama, wakala.

Mkewe, Bi Zena, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akichambua kisamvu.

"Leo wamewahi," alisema.

"Semina hiyo," Mwinyimadi alijibu. "Sendofu za mabiharusi haziwi saa hizi."

Likaja tonge la pili, kachumbari iliyokolea ndimu, na ndani yake ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Akatema. La tatu halikupita mdomoni kabisa. Lilishuka moja kwa moja tumboni, naye akalisikia linavyotua. Hilo ndilo lililomuudhi. La mdomoni hutemeka, lakini la tumboni utalifuata na nini?

"Astaghfirullah," alisema, akachukua kigongo chake, akaendelea na korosho.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe lilianza mwaka uliotangulia, siku Nathan Bundala alipofungua ukumbi wa sherehe Kibaha. Kwenye kumbi za siku hizi chakula hakifunguliwi kimyakimya. Wazazi wakishatambulishwa, keki ikishakatwa, mshereheshaji hutangaza, dijei huweka wimbo, na watu huinuka meza kwa meza kwenda kwenye bufee wakicheza, sahani mkononi, kina mama wakikata kiuno mbele ya sinia la ndizi. Kila ukumbi una wimbo wake wa kufungulia chakula. Wa Nathan ulikuwa gitaa tupu, halina maneno, limezungushwa juu ya ngoma za kompyuta, na vijana waliupa jina la Wimbo wa Misosi. Gitaa lile alilipiga Mwinyimadi ujanani. Na tangu siku ya kwanza liliposikika pale ukumbini, waalikwa walitafuna wao, lakini kilichotafunwa kikawa kinamalizikia kwake, Marui.

Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kubwa. Majirani walisema mzee anakula vya watu, basi, yakaishia hapo. Walicholalamikia ni kuku wa Bi Zena, walionenepa mpaka wakawa hawataki tena pumba, na wakawa wanawafundisha kuku wa wenzao madharau.

Ila Mwinyimadi mwenyewe alikuwa amekinai. Mate ya mtu ni mate ya mtu, hata yakichanganywa na biriani. Alijua nani kapiga mswaki na nani hakupiga. Aliijua ladha ya rangi ya mdomo ya maharusi, aliijua dawa ya kikohozi ya wajomba wa bwana harusi, na bia aliyoiacha miaka mingi nyuma ilimrudia kwa kupitia vinywa vya wanakamati. Siku ya kwanza alipopata kitimoto, nyama ya nguruwe ambayo hakuigusa hata enzi zake za ulevi, alisukutua mpaka maji ya mtungi yakaisha, akamtuma Zena kisimani, akasukutua tena. Siku nyingine akapata jino la bandia. Aliliosha kwa sabuni akaliweka dirishani, huenda mwenyewe akalifuata. Hakulifuata. Kinyaa gani hiki, jamani, mtu mzima kutunziwa jino na asiyemjua!

Na alikuwa mtu wa kujulikana, huyu. Alikuwa mpiga solo wa Bonde Jazz, bendi ya Mlandizi, mtindo wao ukiitwa Kamua Tui, na watu walitoka Chalinze na Bagamoyo kuja kumwona anavyolicharaza gitaa huku ameliangalia pembeni, kana kwamba vidole ni vya mtu mwingine. Bendi ilikuwa mali ya Bundala, baba yake Nathan, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka bonde la Ruvu, akauza sehemu ya kundi akanunua vyombo. Bundala hakujua kupiga hata filimbi ya refa. Lakini vyombo vilikuwa vyake, na alivichunga kama alivyochunga ng'ombe: jioni vinatolewa, dansi likiisha vinarudishwa, mlango unafungwa, na ufunguo unalala chini ya mto wake. Mwanamuziki kwenda na gitaa nyumbani lilikuwa kosa la kufukuzwa. Mwinyimadi, ambaye redio ilimwita mkali wa nyuzi, hakuwahi kumiliki hata uzi mmoja.

Kwa hiyo nyumbani alikuwa anapiga mchi. Aliupakata mchi wa kutwangia wa Zena, mkono wa kushoto ukikimbia juu ya mti, wa kulia ukikwangua hewa, hakuna sauti hata chembe. Nyimbo zote za Bonde Jazz zilizovuma zilitungwa namna hiyo, leo kwenye mchi, kesho kwenye gitaa la Bundala. Zena akija alikuwa anamnyang'anya. "Lete mchi nitwange," alikuwa akisema. "Au leo tutakula vidole vyako?"

Na huo wimbo wenyewe ulimtoka kwa shida. Mwaka mmoja alipitisha Idi nzima Mlandizi, baa moja hadi nyingine, na Zena akafunga kanga zake akarudi kwao Marui. Mwinyimadi akamfuata. Baba mkwe hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza, alimwacha tu akae nje karibu na jiko, jua lote lake. Kutoka jikoni akawa anamsikia Zena anatwanga kisamvu kwa hasira. Mapigo mawili, halafu kimya, na katikati ya kile kimya anamsonya yeye aliye nje, halafu pigo moja la nguvu. Twa, twa. Mfyuu. Twa. Kisamvu kilipolainika Mwinyimadi alikuwa na wimbo. Aliuita "Zena Usinune", na katikati ya solo akaacha kile kimya, pumzi moja, gitaa limenyamaza kabisa. Wachezaji walikizoea. Ikifika pale ukumbi mzima ulikuwa unasonya kwa pamoja, wake kwa waume, ndipo gitaa linaingia tena. Zena aliposikia wimbo redioni alirudi kwa mumewe, ingawa alinuna njia nzima.

Bundala alipofariki, Nathan alikuta kanda ya wimbo huo ndani ya kabati. Akampa dijei wake. Dijei akayatupa maneno, jina la Zena likaenda na maneno, na kile kimya akakiona ni kasoro ya kanda, akakikata nacho. Wimbo ukawa unazunguka bila kupumua, na chakula nacho bila kupumua kikawa kinashuka Marui.

Yote hayo Mwinyimadi angeyameza, na alikuwa anayameza. Kilichomsimamisha ni saumu. Miaka yake yote ya bendi alikuwa kobe, tena kobe wa mchana kweupe, anakula chipsi barabarani wenziwe wamefunga. Alipouacha muziki, au muziki ulipomwacha, kwa kuwa Bundala alileta kijana wa kinanda akamwambia mpiga solo apumzike, alianza kuzilipa saumu zile moja moja, Jumatatu na Alhamisi, masika na kiangazi. Alizilipa mpaka zikaisha. Hii ndiyo ilikuwa Ramadhani ya kwanza anafunga hadaiwi, ya mwaka wake mwenyewe. Magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, na daktari wa Kisarawe alimsikiliza kifua, akarudia, akarudia tena. Alitaka Ramadhani moja safi aende nayo. Hakuwa na ombi lingine kwa Mola wake.

Alasiri ile akaenda kwa Sheikh Mudathir, imamu wa msikiti wao, kijana bado lakini msomi.

"Kilichoingia bila ridhaa yako hakikufunguzi, mzee wangu," sheikh alisema. "Cha mdomoni kiteme. Cha tumboni hukukitaka. Saumu yako ipo."

"Na nikiusikia utamu wake?"

Sheikh Mudathir alimtazama. "Unausikia?"

"Leo nyama ilikuwa imeiva."

"Hapo sasa pana mashaka," sheikh alisema. Alijikuna ndevu. "Nenda kamwambie mwenye ukumbi aache. Mambo gani haya, mtu mzima kulishwa mchana wa Ramadhani!"

Asubuhi yake Mwinyimadi alivaa kanzu, akatia lile jino mfukoni, akaondoka. Alipita Kisarawe mjini, akatokea Mbezi, akashukia Maili Moja salama salimini, kwa kuwa chai ya saa nne haina wimbo. Ukumbi haukumpa taabu kuuona. Juu ya lango palikuwa na picha ya mwanamke mwembamba kabeba sahani iliyofurika, na maneno: BUNDALA GARDEN, KULA UTAKAVYO, HUNENEPI. Watu walitoka Dar kuja kula pale. Kamati za harusi zilikuwa zinagombea tarehe.

Ndani, karibu na mlango, gitaa lilikuwa limesimamishwa kwenye kabati la kioo. Mwinyimadi alilijua kabla hajalifikia, kwa ule mkwaruzo wa bega ambao ni kifungo cha shati lake kilichoufanya. Chini yake palikuwa na kibao. Alikisoma polepole kwa sababu miwani aliisahau Marui. Gitaa la Mwasisi Wetu, Marehemu Mzee Bundala, Mtunzi wa Wimbo wa Misosi. Nyuzi zilikuwa zimefungwa kinyume, ule mnene umewekwa chini kabisa. Aliangalia nyuzi kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kibao. Mtu aliyezifunga vile hakuwa hata na aibu ya kuuliza.

"Shikamoo baba!"

Alikuwa Nathan mwenyewe, suti ya kijivu, mikono miwili mbele, kijana aliyelelewa na adabu zake.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe si ndiye Mwinyimadi wa mzee? Karibu nyumbani, baba. Wewe ni hazina ya taifa."

"Nathan, sikuja kwa ajili ya kibao," Mwinyimadi alisema. "Nimekuja kwa ajili ya tumbo langu. Nimefunga, na wimbo wako unanilisha mchana."

"Kumbe ni wewe!" Nathan alisema, na uso wake ukakunjuka kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani. "Wapishi walishaniambia chakula kinakwenda mahali. Tulidhani labda Morogoro."

"Ni Marui. Basi uache wimbo. Mwezi huu tu, mchana tu."

Nathan alimshika mkono, akamkalisha kwenye kochi, akakaa naye. "Baba yangu, nikiuacha, watu watashiba. Wakishiba watanenepa. Bango la pale nje umeliona?"

"Nimeliona."

"Ndiyo biashara yenyewe hiyo."

Mwinyimadi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na matusi angeyajibu. Huruma ya kijana huyu, mkono wake laini juu ya goti lake, ilimtia kichefuchefu kuliko kitimoto.

"Basi kirudishe kile kimya," alisema. "Katikati ya solo palikuwa na pumzi. Nirudishieni, nipate hata nafasi ya kutema."

Nathan alimwita dijei, na dijei akaja, kofia mkononi kwa heshima. Alisikiliza yote. "Mzee, kimya kikiingia pale watu wataganda na masahani," alisema. "Mzuka wote unakata. Hiyo haiwezekani, bosi."

"Umesikia, baba," Nathan alisema kwa masikitiko ya kweli.

Angeondoka saa ile ile. Lakini adhuhuri ilikuwa imekaribia, na ukumbini palikuwa na semina ya kutetea haki za wasanii, na mshereheshaji, kijana mmoja kwa jina Godbless, alikuwa amesikia kwamba mkongwe yuko mlangoni. Alikuja mbio, akamtia kwapani, akampandisha jukwaani kabla hajafungua mdomo. Watu walisimama wakapiga makofi. Mwenyekiti wa semina, Mama Efrazia, mwanamke wa shanga nzito, alimkabidhi ngao ya mbao. Juu yake paliandikwa Kwa Kuwaenzi Wasanii Waliotangulia Mbele ya Haki, kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa hizo.

"Msanii hathaminiwi mpaka afe!" Mama Efrazia alisema kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukaitikia kwa vigelegele. "Wanakula jasho lake! Semina hii inasema basi!"

"Basiii!" watu wakaitikia.

"Na kwa hayo machache," Godbless alidakia, "dijei, tufungulie misosi!"

Wimbo ukaanza. Alikuwa hajausikia kwa masikio yake tangu uchezewe, alikuwa anausikia kwa tumbo tu. Vidole vyake vilijikunja juu ya ngao vyenyewe. Ilipofika pale pa kimya, mkono ulinyanyuka ukangoja, na wimbo ukampita kama hapana mtu.

Watetezi wa haki za wasanii walikwenda kwenye bufee wakicheza. Walirudi, wakakaa, wakaanza kula, naye akiwa bado juu ya jukwaa, ngao kifuani. Hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza wenye vinywa. Yule wa jino bovu alikuwa mwembamba, mwenye tai nyekundu, meza ya karibu. Alipofunga taya, Mwinyimadi alisikia wali ukimjaa. Mwanamke mmoja alilamba vidole kimoja kimoja na ladha ya vidole ikafika, kucha zake na mafuta yake ya kujipaka. Mama Efrazia alichagua kipande cha kitimoto chenye ngozi, akakitafuna kwa utulivu huku anamtabasamia mzee, na ngozi ile ikaja ikamlalia Mwinyimadi juu ya ulimi, imetafunwa nusu. Walikuwa wanatafuna wote pamoja, midomo inang'aa, wanaongea na chakula kikiwa humo humo, na hakuna aliyekuwa anashiba, kwa hiyo hakuna aliyeacha. Alitafuta pa kutemea. Palikuwa na zulia jipya na maua ya plastiki.

Akatapika. Hakujitapisha, anajua sheria ya saumu, yalimshinda yakatoka yenyewe: pilau, ndizi, soseji, saladi, ngozi, keki ya sherehe iliyopita. Yalitapakaa kwenye ngao yakachuruzika mpaka ngazi ya jukwaa.

"Tumpigie makofi mzee wetu!" Godbless alisema.

Wakampigia. Mhudumu alikuja na ndoo na dekio, akaomba apishwe, akadeki. Kwenye bufee foleni ya pili ilikuwa imeshapangwa.

Mama Efrazia alimfuata akamsaidia kushuka. Alisogeza kinywa karibu na sikio lake. "Samahani baba. Mwezi uliopita kwenye sendofu ya mpwa wangu, hukuona jino?"

Mwinyimadi alitia mkono mfukoni akampa. Mama Efrazia alilifuta kwa kona ya kitambaa cha meza, akalichomeka mahali pake, akauma mara mbili kuhakikisha. "Mungu akubariki," alisema. "Nimelitafuta!" Akarudi kwenye sahani yake.

Nathan alimsindikiza mpaka kituoni, maana hakuwa mtoto mbaya. Njiani alikuwa ameshapata ufumbuzi, na alimweleza kwa furaha. Mwezi mzima chakula cha mchana cha semina zote kitahamishiwa magharibi. Adhana ikilia, ndipo wimbo unapigwa. Bango jipya litasema Futari ya Mwasisi Bundala. "Saumu yako itakuwa salama, baba," alisema, "na utafuturu na sisi ukiwa kwako umekaa. Nani mwingine ana bahati hiyo?"

Na kweli alifanya hivyo. Mchana wa Marui ukatulia. Mwinyimadi alibangua korosho zake kinywa kikavu kama kinavyotakiwa, akasoma juzuu zake, akaswali, akahisi njaa yake mwenyewe, njaa safi isiyo ya mtu, na mara mbili tatu ilimtoa machozi kwa shukrani. Sheikh Mudathir alisema sasa hakuna mashaka. Alisema pia kwamba wakati wa futari umeshaingia, na chakula ni riziki, kwa hiyo kukitema si vizuri, isipokuwa kile cha haramu. Wazee wa msikitini walimpongeza.

Ila Zena alikuwa anampikia. Tangu walipooana alimpikia futari hata miaka ile ya ukobe, akiifunika kawa na kumwekea, ajue ni nini anachokikosa. Mwaka huu alipika muhogo wa nazi, magimbi, kisamvu alichokitwanga mwenyewe mpaka kikalainika kama hariri. Walikaa mkekani. Aliishika tende mbele ya midomo ya mumewe, wakiisikilizia adhana kama watoto wanaotaka kuwahi mlango. Adhana ilipoanza, kabla neno la kwanza halijakamilika, mdomo wa Mwinyimadi ulikuwa umejaa sambusa ya mtu wa Kibaha, na nyuma ya sambusa kuku, na nyuma ya kuku wali, bila kimya, bila pumzi, mpaka tumbo likawa gumu kama kinu. Wimbo ulipokoma hapakuwa na nafasi ya punje. Tende ikarudi kwenye kisosi.

Walijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, halafu wakaacha kujaribu. Zena akawa anakula peke yake. Mwinyimadi alikuwa anakaa mkabala naye, shavu limevimba kwa saladi ya mtu, akimwangalia anavyomega.

"Kisamvu cha leo umekifanyaje?" alikuwa akimuuliza akipata upenyo.

"Kama siku zote. Tui zito nimelitia mwisho."

"Pilipili?"

"Moja, nzima, sikuipasua."

"Hapo sawa," alikuwa akisema, na kumeza kile kingine.

Ramadhani ikaisha. Ilikuwa safi, hakuna siku iliyoharibika, na Mwinyimadi hakuwa ameonja hata tonge moja la mkewe. Mtondogoo wa Idi simu ililia.

"Idi mubarak, baba!" alikuwa Nathan. "Futari imetuinua sana. Magharibi tumeipitisha moja kwa moja, itakuwa kila siku. Sasa wateja wana ombi. Wanataka na wimbo wa vinywaji. Wewe huwezi kukosa."

"Sina," Mwinyimadi alisema.

"Utafute, baba. Polepole tu. Wewe ni hazina."

Mwinyimadi alikata simu. Wimbo alikuwa nao. Mwezi mzima alikuwa akiutunga, wenzake wakiwa tarawehe na magoti yake yamekataa, kwenye mchi, uwani, bila sauti. Ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga, na hakuna sikio lililousikia. Zena peke yake ndiye aliyeujua, kwa macho. Jioni ile alikuja na kapu la kisamvu akamkuta ameupakata tena. Akasimama akaangalia vidole vinavyokwenda.

"Pale katikati vinarudi wapi?" aliuliza.

"Havirudi. Vinangoja."

Zena aliviangalia vinavyongoja. Ng'ambo ya mikorosho adhana ikaanza, na kule Kibaha Godbless akawaambia watu waende bufee, na mdomo wa Mwinyimadi ukajaa keki. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na mtu aliyeitafuna alikuwa amevuta sigara.

"Lete mchi nitwange," Zena alisema.

Akampa. Zena akamimina kisamvu kinuni, akajifunga kanga kiunoni, akatwanga. Twa, twa. Akanyamaza. Mwinyimadi naye akaacha kutafuna, mashavu yamejaa, akausubiri msonyo. Zena akasonya, mrefu, akiangalia upande wa Kibaha. Twa. Ndipo Mwinyimadi akameza.